Mwanya si Pengo: Uhakiki wa Hoja Mbili Kuhusu Kuziba Mwanya wa Meno

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mawaidha na darsa zetu mas'ala ya meno hupitiwa kwa haraka. Husomwa hadithi ya laana, hutajwa wanaochanja chale, wanaonyonyoa nyusi na "wanaotengeneza meno", kisha khatibu huendelea na mengine. Msikilizaji hurudi nyumbani na jambo moja kichwani: kutengeneza meno ni laana. Upande wa pili wapo vijana waliosoma Kiarabu kidogo, nao hujibu kwamba hadithi imelaani kufungua mwanya, haikulaani kuuziba. Basi kuuziba ni halali na hakuna masharti. Hoja hizi mbili ndizo tunazotaka kuzihakiki hapa. Zote mbili tunaziona zimekosa shabaha, na kila moja ina watu inaowaumiza.

Tumweke mbele yetu binti wa Igamba, wilayani Mbozi, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Tuseme amefikia umri wa kuolewa na ana mwanya kati ya meno mawili ya mbele. Waislamu wa huko ni wachache, na imamu wa kijiji mara nyingi ndiye mwalimu wa madrasa, ndiye mfungishaji ndoa na ndiye mufti wa siku hiyo. Binti huyu huona kwenye simu picha za watu waliojazwa meno yakawa kama ukuta mmoja mweupe. Anasikia kwamba Mbeya yapo matibabu, na kwamba Tunduma, mpakani mwa Zambia, kila kitu hupatikana kwa mwenye fedha. Akienda kwa imamu wake kuuliza, jibu atakalopewa ndilo atakaloishi nalo. Akiambiwa amelaaniwa na hali hakulaaniwa, hiyo ni dhulma. Akiambiwa ni halali tu, akaenda akasagwa meno mazima mawili ambayo hayatarudi, hiyo nayo ni dhulma, tena ya mwili.

Hadithi yenyewe imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (r.a.). Kwa maana yake, wamelaaniwa wanawake wanaochora chale za rangi mwilini na wanaoomba kuchorwa, wanaonyonyoa nywele za uso, na wale wanaojifanyia mianya ya meno kwa ajili ya uzuri, wenye kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Kisa chake kinajulikana. Mama mmoja wa Bani Asad, Ummu Ya'qub, alimwendea Ibn Mas'ud akamwambia kuwa ameusoma msahafu mwanzo hadi mwisho na hakuiona laana hiyo. Naye akamrejesha kwenye aya ya Suratul Hashri inayoamrisha kushika alilokuja nalo Mtume (s.a.w.). Tunapenda kukitaja kisa hiki kwa sababu mwanamke yule alihoji, akajibiwa kwa dalili, wala hakufokewa.

Sasa neno lililotumika ni mutafallijat, kutokana na falaj. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H/1277), katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameeleza kwamba falaj ni nafasi kati ya meno mawili ya mbele na yale yanayoyafuata pembeni. Nafasi ndogo ya namna hiyo ilikuwa ni alama ya wasichana. Mwanamke akikua hupotea. Basi waliozeeka walikuwa wakiyasaga meno yao kwa tupa ili waonekane wadogo na wazuri. Hapo tunapata mambo matatu kwa mpigo: chombo kinachokata jino zima, lengo la urembo, na udanganyifu wa umri. Nawawi akaongeza kwamba yale maneno "kwa ajili ya uzuri" yanaashiria kuwa kilichoharamishwa ni kile kinachofanywa kwa kutafuta uzuri. Ama ukihitajiwa kwa tiba au kwa aibu iliyo katika jino, hapana ubaya. Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki mwaka 852 H/1449) amesema karibu na hayo katika Fat-h al-Bari.

Kwa hiyo anayetafsiri neno lile kwa "wanaotengeneza meno" amelipanua kupita mpaka wake. Kwa tafsiri hiyo anayeziba jino lililotoboka ameingia, na mzee anayevaa meno ya bandia ameingia, na mtoto aliyevunjika jino mpirani ameingia. Hakuna mwanachuoni tunayemjua aliyesema hivyo. Kinyume chake, Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai wamepokea habari ya Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Alijitengenezea pua ya fedha ikamnukia, Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atengeneze ya dhahabu. Dhahabu kwa mwanamume ni haramu, nayo hapa ikaruhusiwa. Tirmidhi akafuatisha kwamba wanavyuoni zaidi ya mmoja walifunga meno yao kwa dhahabu. Imam Abu Hanifa aliona jino lifungwe kwa fedha, na mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan akaruhusu dhahabu. Mashafi'i wameruhusu jino lenyewe liwe la dhahabu. Walihitilafiana katika madini. Katika kutengeneza kwenyewe hawakuhitilafiana.

Na Kiswahili chetu hapa kimetangulia kutupa msaada ambao wafasiri hawakuutumia. Sisi tuna maneno mawili. Pengo ni pale jino lilipokuwepo likang'oka au likavunjika. Mwanya ni nafasi baina ya meno mawili mazima. Mwenye pengo huonewa huruma, mwenye mwanya husifiwa. Wahenga wakasema jino la pembe si dawa ya pengo. Nao kwa kusema hivyo wamekiri kwamba watu walikuwa wakijaribu kuyaziba mapengo yao, na hatujui sheikh aliyewalaani kwa hilo. Aliyekuwa na pengo akaliziba kwa jino la kubandika au daraja la meno anarudia umbo lake la asili. Huyo hana uhusiano wowote na hadithi ya Ibn Mas'ud.

Tukumbuke pia kwamba hadithi hii haikuwa ngeni kwa mazingira yetu. Kuchonga meno kulikuwepo bara hili kabla ya daktari yeyote wa meno kufika. Wamakonde walichonga meno yao yakawa na ncha. Wamasai waling'oa meno mawili ya mbele ya chini, na Wajaluo sita. Na Wanyamwezi, ambao Burton aliwaona katika safari yake ya 1857 hadi 1859, walikuwa na desturi ya kumegua pembe za ndani za meno mawili ya juu ya mbele hadi ukatokea mwanya wa pembetatu. Huu wa Wanyamwezi ndio tafalluj hasa, japo mahali pake ni katikati ya meno mawili ya mbele, si pembeni kama alivyoeleza Nawawi. Uislamu ulipoenea Tabora na njia za misafara, hadithi hii ilikuta kitu halisi cha kukikataza. Leo anayemega meno hivyo ni nadra kumwona. Iliyobaki ni ladha ya mwanya wenyewe: kutoka pwani hadi bara, binti aliyezaliwa na mwanya huhesabiwa kuwa amependelewa.

Tugeukie hoja ya pili, ya wale wanaosema kuziba si kufungua. Ukiitazama juu juu ina nguvu, kwa sababu imeshikamana na lafudhi. Lakini lafudhi ya hadithi haikuishia kwenye mwanya. Imetaja sababu, nayo ni uzuri, na imetaja sifa, nayo ni kubadilisha maumbile. Hukumu huizunguka sababu yake. Kama ladha ya Waarabu wa zama zile ilikuwa mwanya, wakasaga meno ili waupate, na ladha ya picha za simu leo ni meno yaliyoshikana, watu wakasaga meno ili wayapate, tofauti iko wapi? Tupa ni ile ile, imetiwa umeme tu. Ndiyo maana Tabari (aliyefariki mwaka 310 H/923), kama alivyonukuliwa na Ibn Hajar, hakutaja mwanya peke yake. Alikataza mwanamke kubadilisha chochote katika umbo lake kwa kuongeza au kupunguza kwa kutafuta uzuri, awe anamfanyia mumewe au mwingine, na akatolea mfano jino la ziada na jino refu, isipokuwa likimdhuru au likimzuia kula.

Msimamo wa Tabari ni mkali, na si lazima kuuchukua wote. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i wapo waliosema katika vitabu vya baadaye kwamba kuchonga meno kunafuata hukumu ya kuunga nywele, kwa hiyo mke akiruhusiwa na mumewe inajuzu. Na Nawawi katika Tahqiq akawakhalifu, akaiweka pamoja na chale za rangi katika kukatazwa moja kwa moja. Wanafunzi wa Minhaj wanaopenda kusema "madhehebu yetu yamekataza" au "madhehebu yetu yameruhusu" waliangalie hilo kwanza. Kwa upande wetu kauli ya Nawawi ndiyo tunayoiona iko karibu zaidi na hadithi, kwa kuwa nywele huunganishwa zikaondolewa, na jino likisagwa limesagwa.

Na hapa ndipo wengi wanaofutu hukosea, kwa kuwa hawaulizi daktari anafanya nini hasa. "Kuziba mwanya" ni jina moja la kazi nyingi zisizofanana. Ipo ya kubandika resini yenye rangi ya jino. Jino hukwaruzwa kidogo kwa tindikali, resini ikapakwa na kukaushwa kwa mwanga wa buluu. Kwa kawaida jino halikatwi au hukatwa kidogo sana, na resini yenyewe baada ya miaka kadhaa hubadilika rangi kwa chai na kahawa, humeguka, hurudiwa. Ipo ya magamba ya kauri, ambayo ili yakae sawa mara nyingi husagwa sehemu ya mbele ya jino kiasi cha nusu milimita. Ni kidogo kwa macho, lakini lile ganda gumu la juu ya jino halioti tena maisha yote, na aliyeanza magamba atayahitaji tena na tena. Ipo ya kofia, ambapo jino husagwa pande zote mpaka libaki kisiki. Na ipo ya waya, inayosogeza meno polepole kwa miezi mingi, pengine miaka miwili, bila kukata kitu. Ikimalizika mgonjwa huvaa kishikilio, kwa sababu mwanya una tabia ya kurudi. Wengine chanzo chao ni ule ukano unaounganisha mdomo wa juu na ufizi, ukiwa umeshuka hadi kati ya meno, nao hukatwa kwa upasuaji mdogo.

Imamu anayejibu kwa neno moja juu ya vitu hivi vyote hajajibu swali.

Tena kuna mwanya ambao si wa kushughulikiwa kabisa. Mtoto wa miaka saba mpaka kumi na moja hivi mara nyingi huwa na nafasi kati ya meno ya mbele, na chonge zikiota nafasi hiyo hujifunga. Mzazi asiye na subira hutoa fedha kununua kile ambacho mtoto angekipata bure. Na kinyume chake, mtu mzima ambaye meno yake hayakuwa na mwanya, kisha yakaanza kuachana na kulegea, huyo mara nyingi ana ugonjwa wa ufizi uliokula mfupa. Akizibwa mwanya kabla ya kutibiwa ufizi amepambwa juu ya maradhi. Huyu tiba kwake ni haki ya mwili wake.

Jambo moja tunalisema kwa mkazo kwa maimamu wa vijijini, kwa kuwa wao husikilizwa. Wapo wanaojifunga mpira mdogo kuzunguka meno mawili ya mbele ili yasogeleane, kwa kuwa ni rahisi na hauna gharama. Mpira huo huteleza chini ya ufizi, ukapanda kwenye mzizi usionekane, ukaharibu mfupa, na meno mazima yakang'oka. Mwenye mwanya akajipatia pengo. Hili ni haramu kwa kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana, hata kama mwanya wenyewe ungekuwa wa kustahiki kuzibwa. Na hali ni hiyo hiyo kwa lile linaloitwa kung'oa "meno ya plastiki". Tangu miaka ya 1980 limeenea katika mikoa mingi ya Tanzania, na Uganda hujulikana kwa jina la ebino: vichipukizi vya chonge za mtoto mchanga hukwanguliwa kwa dhana kwamba ndivyo vinavyoleta homa na kuhara. Mtoto akinusurika na damu na maambukizi, huenda akakua bila chonge au nayo imepinda, na meno ya jirani yakahama. Kijana wa namna hii akija kuomba aruhusiwe kutengeneza meno, asisomewe hadithi ya laana. Walioyabadilisha maumbile ni wengine, yeye anayarudisha. Vivyo hivyo ndugu zetu wa Arusha na Meru ambao floridi ya maji imeyatia meno yao rangi ya kahawia na kuyachimba.

Linabaki swali gumu: aibu ni nini? Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, katika kikao chake cha 18, likatoa azimio namba 173 kuhusu upasuaji wa urembo. Liliruhusu kurekebisha kasoro za kuzaliwa, likataja mdomo uliopasuka, vidole vya ziada na meno ya ziada, ikiwa kuwepo kwake kunaleta udhia wa kimwili au wa kimoyo ulio na athari. Ukililinganisha na Tabari utaona hatua iliyopigwa: yeye alisimama kwenye kuumia na kushindwa kula, wao wameongeza maumivu ya moyo. Nasi tunalikubali. Lakini mlango huu umekuwa mpana mno mikononi mwa wanaoutumia. Kila asiyeridhika na kioo husema ana udhia wa kimoyo.

Hapa ndipo desturi ya watu inapohukumu, kama ilivyo kanuni ya mafakihi. Katika nchi ambayo mwanya ni sifa, mtu hawezi kuutaja mwanya wa kawaida kuwa ni kasoro ya umbo kwa sababu tu tangazo la nchi nyingine limesema hivyo. Fatwa iliyotolewa kwa watu wanaouona mwanya kuwa ni ila haihamishiwi Igamba kwa kunakiliwa. Wakati huo huo hatusemi kwamba kila mwanya ni mrembo. Upo ulio mpana hata maneno yanatoka na mluzi, chakula hunasa na ufizi huumia. Na yapo meno yaliyoachana yote kinywani mtu akawa hafungui mdomo mbele za watu, wala hasomi Qur'ani kwa sauti kwa sababu ya herufi zake. Huyo ana aibu kwa hukumu ya watu wa mahali pake na kwa ushahidi wa tabibu mwaminifu. Na azibe, kwa njia inayokata jino kidogo kuliko zote zitakazomfaa.

Basi binti wetu, mwenye mwanya wa kawaida na meno mazima: kuyasaga kwa ajili ya magamba au kofia tunaona kunaingia katika maana ya hadithi, wala hatumruhusu. Waya au resini isiyokata jino haina uzito huo. Qurtubi (aliyefariki mwaka 671 H/1273) amenukuu katika tafsiri yake kwamba kilichokatazwa ni kile kinachobaki, na kwamba kisichobaki kama wanja hakimo. Resini iko katikati ya wanja na chale, inaondoka lakini si kwa maji. Hatumwambii amelaaniwa. Tunamwambia kuiacha ni bora, na fedha hiyo ina kazi nyingine. Kama anahofia posa, ajue kwamba mwanya si miongoni mwa aibu za kuvunjia ndoa zilizotajwa na mafakihi wa Kishafi'i, wala hatakiwi kuutangaza. Na hata aliye katika hukumu ya haramu, laana katika hadithi imekuja kwa sifa ya kitendo. Kumwelekezea mtu kwa jina lake juu ya mimbari ni jambo jingine, ambalo wanavyuoni wengi wamelizuia.

Wapo wanaouliza kama udhu na josho husihi mtu akiwa na resini au waya kinywani. Kwa Mashafi'i kusukutua ni sunna katika yote mawili, kwa hiyo hakuna tatizo. Mahanafi wamekuwajibisha katika josho, na Mahanbali katika yote mawili, lakini kilichogandishwa kwa haja na hakitoki ila kwa dhara hupewa hukumu ya jino lenyewe.

Na aliyekwisha kusagwa meno kabla hajajua hukumu, akavishwa magamba, asiambiwe ayang'oe. Chini yake hakuna tena jino lake la zamani la kurudia, kuna jino lililosagwa, ambalo huenda likauma kwa maji ya baridi. Atubie, abaki nayo, asali nayo, na yakichakaa ayabadilishe, kwani sasa yamekuwa ni tiba. Wallahu a'lam.